Mistari Mitatu kwa Mfereji Mmoja

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Daftari hili nililinunua la kuandikia oda za wateja. Tangu mvua ya Elnino ianze, oda zimekatika, maana hakuna rangi inayokubali kukaa kwenye ukuta uliolowa. Basi nitaandika yangu humu, kurasa zisiliwe na panya bure.

La leo ni hili. Mvua inanyesha mchana na usiku, mto umepanda mpaka karibu na vibanda vya Gikomba, na sisi katika ploti ya Mzee Ndung'u, hapa nyuma ya Soko la Burma, hatuna maji. Bomba kubwa limepasuliwa na mafuriko huko juu, kwa hivyo mfereji wetu, yaani bomba la uani, unatoa siku tatu tu kwa wiki: Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka yanapokatika, kama saa tatu. Ya mvua tunakinga ya kufulia. Kuyanywa hakuna anayethubutu, kwa sababu mabati yetu yana kutu na paka wa ploti wana mambo yao huko juu.

Vyumba ishirini na vinne, mfereji mmoja. Asubuhi wamepigana. Ayuma wangu alikuwa wa tano kwenye foleni, akarudi ameushika mkono wake wa kulia kama mtoto mchanga. Hospitalini wamesema mfupa umeatuka, wamemtia plasta ya wiki sita. Aliyemsukuma hajulikani. Kila niliyemuuliza amenitajia jina la mtu anayemdai ugomvi wa zamani.

Jumanne, 4 Novemba

Mzee Ndung'u amekuja uani na kufuli mkononi. Mwenye ploti wetu hukaa chumba kikubwa cha geti na si mtu wa maneno mengi, lakini leo alikuwa nayo.

"Mimi sikujenga ringi ya ngumi, nilijenga nyumba," akasema. "Kila chumba kichote siku moja kwa wiki, mitungi minne. Vyumba vinane Jumatatu, vinane Jumatano, vinane Jumamosi. Mkishindwa kupanga hiyo laini kama watu kabla ya Jamhuri Dei mwezi ujao, nafunga. Mtachota ng'ambo ya Jogoo Road."

Watu wakaanza kupiga kelele kuhusu nani atapata siku gani. Hapo mdomo wangu ukaniponza. Nikasema, "Mzee, hiyo niachie mimi. Nitaandika bango."

Jioni Ayuma akaniambia, akimenya ndizi kwa mkono wa kushoto, "Baba Sally, huyo mzee akifunga mfereji, mimi na mtoto tunaenda kwa mama, Mbale. Siwezi kuvuka barabara na mtungi kwa mkono mmoja, na wewe maji hujawahi kuchota tangu tuoane."

"Mpaka lini?"

"Mvua iishe kwanza. Halafu tutaona."

Hilo neno la mwisho silipendi kabisa. Mke wa jirani yetu Opicho pia alikwenda Bungoma kuona, na huu ni mwaka wa tatu bado anaona.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepata plaiwudi nzuri kwa maseremala wa Gikomba. Nimeanza kazi.

Lydiah wa chumba cha pili amekuja kusimama mlangoni. Huyu ni fundi wa nguo, na cherehani yake hunguruma kwenye ukuta wangu tangu alfajiri. Miaka mitatu tumepakana na sijapata kumaliza kikombe cha chai bila ya kikombe hicho kutetemeka mezani.

"Umeshauliza watu watakuwa wamesimama wapi wakisoma?" akaniuliza.

"Lydiah, bango husomwa kwa macho. Macho mtu huenda nayo kila mahali."

"Mimi sikati kitambaa cha mtu kabla sijakata gazeti. Gazeti likikosewa unatupa, kitambaa kikikosewa unalipa."

Nikamwambia bango si suruali. Akacheka akaenda zake, na cherehani ikaanza tena.

Jumamosi, 8 Novemba

Kazi imekwisha, na nikisema ni kazi sijisifu. Juu kuna maporomoko ya maji yenye povu. Kushoto twiga ameinama anakunywa. Kichwa UTARATIBU WA MAJI nimekipa herufi za buluu zenye kivuli chekundu. Chini kuna jedwali: Jumatatu namba 1 hadi 8, Jumatano 9 hadi 16, Jumamosi 17 hadi 24. Pembeni nimetia MULONGO ARTS, KAZI SAFI. Nimelipigilia juu ya geti, na watu wakasimama na miavuli yao kulitazama. Muhonja, yaani Mama Owen, muuza mandazi, amesema twiga anaweza kutembea.

Jumatatu, 10 Novemba

Aibu.

Saa kumi na moja asubuhi foleni ilikuwa na watu wa vyumba vyote ishirini na vinne. Nikasimama mbele kama mwalimu wa zamu. "Kwani hamkusoma bango?"

"Tulisoma," akasema Mama Owen. "Ni zuri. Lakini mimi ni namba ngapi?"

Milango yetu haina namba. Namba ziko kwenye kitabu cha risiti cha Mzee Ndung'u na penginepo hakuna. Tena alizitoa kadiri alivyokuwa akijenga, kwa hivyo namba tisa imepakana na ishirini na mbili, na kumi na tatu haipo kabisa (ya mwisho ni ishirini na tano) kwa sababu mpangaji wa kwanza alikataa kuingia humo na familia yake.

"Wewe mwenyewe ni namba ngapi, msanii?" Opicho akauliza kutoka nyuma. Opicho ni mpakiaji mizigo wa kiwandani, na sauti yake imezoea mashine.

Nikarudi chumbani kutafuta risiti chini ya godoro. Mimi ni namba 19. Siku yetu ni Jumamosi. Nilipotoka nikamkuta Ayuma amesimama wa tatu na mtungi wake, ananiangalia.

Hawakupigana kwa sababu walikuwa wanacheka. Ningeona heri wapigane.

Jumatano, 12 Novemba

Mfereji umekohoa mara mbili ukanyamaza. Twiga ameanza kuchuruzika rangi.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimepata dawa. Hakuna mtu hapa anayejua namba, lakini hakuna asiyejua jina. Bango jipya nimeliweka pale pale penye mfereji. Safari hii hakuna twiga. Ni majina tu, jinsi watu wanavyoitana: Mama Owen, Mama Sally, Mama Kiilu, na kuendelea. Opicho nimemwandika Opicho. Nimekesha, lakini nimetulia.

Jumatatu, 17 Novemba

Nina mengi ya kuandika leo na hakuna linalonipendeza.

Kwanza, Owen ni wawili. Nilikuwa najua, ndiyo maana yule wa upande wa choo nilimwandika Mama Owen wa Pili. Akanijia na mwiko mkononi. "Nani amekwambia mimi ni wa pili? Mume wangu ana mwingine wapi?" Ilinibidi nimweleze mbele ya foleni nzima kwamba mumewe sina habari zake, nzuri wala mbaya.

Pili, familia mbili zimehama Jumapili na wageni wameingia. Majina yao hayapo. Mgeni mmoja, Shamso, mwenye kuuza chai ya maziwa kule Burma, amesoma bango lote akaniuliza kwa upole yeye anachota kwa jina la nani.

Tatu, Opicho na Mama Kiilu wamevutana mtungi mpaka mshikio ukakatika. Mzee Ndung'u ametoka na vesti, akaitundika ile kufuli kwenye bomba, wazi, ikining'inia. "Mnaiona? Inangoja," akasema.

Lakini lililoniuma ni la nne. Watu walipokwisha, Lydiah akaja akasimama mbele ya bango. Alikuwa na futi yake shingoni.

"Wengine wote ni mama fulani," akasema. "Mimi umeniandika Fundi wa Nguo."

"Si ndivyo tunavyokuita?"

"Ndivyo mnavyoniita. Mimi ni Mama Nyakio. Alikufa kwa malaria akiwa na miaka miwili, kabla sijahamia hapa. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka mitatu nasikia cherehani ya huyu mama kupitia ukutani na kazi yangu ilikuwa kusonya. Nikamwambia pole, nikaona pole yenyewe ni ndogo. Nikachukua brashi nirekebishe. Akanizuia mkono.

"Usirekebishe. Mimi sikukuja kudai jina kwenye mbao. Nataka tu ujue, Mulongo, wewe huanza kuandika kabla ya kuuliza."

Jumatano, 19 Novemba

Mvua. Ayuma amempima Sally sweta ya safari.

Jumamosi, 22 Novemba

Kuna watu hujikwaa mara moja wakajifunza. Mimi si mmoja wao.

Nilifikiri hivi: namba zina fujo, majina yana fujo, lakini rangi haina maneno. Nikatoa mabaki ya rangi zangu, nikapaka duara mlangoni mwa kila chumba: vinane kijani, vinane nyekundu, vinane buluu. Kwenye mfereji nikatundika kipande cha rangi ya siku. Sikumuuliza mtu. Nilikuwa nataka kuwashangaza.

Niliwashangaza. Opicho, ambaye tangu azaliwe ni mtu wa Ingwe, timu ya mpira, na ana fulana ya Ingwe ya kulalia na nyingine ya kanisani, aliamka akakuta mlango wake una kijani cha Gor, mahasimu wao.

"Msanii, niaje? Mimi nimekukosea nini?"

"Ni rangi ya maji tu, ndugu yangu."

"Hii green, buda, siwezi. Afadhali nikae na kiu. Watu wa kazini wakiona hii nitawaambia nini?"

Na kwa vile uchaguzi uko mlangoni, wenye nyekundu wakasema wameandikishwa chama bila kuulizwa, wenye buluu wakataka kujua nani amenilipa. Mama Owen amefunika duara lake kwa kalenda. Kufikia saa mbili watu watatu walikuwa wamekamatana mashati, na Mzee Ndung'u akaja akaifunga ile kufuli. Klak. Akakaa dakika tano akitutazama, akaifungua tena. "Hiyo ilikuwa onyo la mwisho," akasema.

Jumatatu, 24 Novemba

Begi la kahawia limetoka juu ya kabati. Ayuma analipangusa vumbi. Nimemuuliza kama anataka nimsaidie, akasema nimekwisha saidia vya kutosha.

Nikaona nikikaa humu ndani nitalia. Nikaenda nikagonga kwa Lydiah. Sikujua nimwite nani, nikasema, "Hodi, Mama Nyakio."

Akazima cherehani. Ni mara ya kwanza kuisikia ikizimwa kwa ajili yangu.

"Nifundishe ile ya gazeti," nikasema.

Akanipa kiti. Hakunipa gazeti. "Bango lako linajibu nini?" akauliza.

"Kila kitu. Nani, lini, mitungi mingapi."

"Na mtu mwenye mtungi anauliza kila kitu?"

Naandika hapa kwa sababu ni kweli: miaka kumi na moja ya kuandika mabango, bucha, saluni, makanisa, kinyozi, sijawahi kujiuliza anayesoma amekuja na swali gani. Mteja husema neno, mimi naliremba.

"Mimi nikimpima mtu," Lydiah akasema, "simpimi anavyosimama kwa mpiga picha. Nampima anavyosimama. Jumatano chukua hiki kigoda ukae karibu na mfereji. Brashi uache nyumbani."

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae."

Jumatano, 26 Novemba

Nimekaa. Kukaa ni kazi ngumu kuliko kupanda ngazi na ndoo ya rangi. Mama Owen ameniuliza kama naumwa. Opicho amesema nimetumwa na Mzee kuandika majina ya wagomvi.

Haya ndiyo niliyoona. Kwanza, foleni si ya watu. Ni ya mitungi. Mitungi hupangwa tangu jioni, wenyewe wako kwenye chai au wanawavisha watoto. Mtu hufika, hutafuta mtungi wake, huusukuma mbele kwa mguu, huondoka tena. Mimi nilikuwa nimewaandikia watu ambao hawapo.

Pili, hakuna anayeinua kichwa. Ardhi ina matope na mitungi iko chini, kwa hivyo macho yote yako chini. Lile bango langu la kwanza juu ya geti lingeonwa na ndege.

Tatu, nilihesabu maswali. Watu ishirini na saba walifika, na ishirini na mbili wakauliza kitu kimoja: "Leo ni ya kina nani?" Wanamuuliza yeyote aliye karibu na bomba. Watu wawili wakijibu tofauti, ndipo ngumi zinapokuja.

Nikarudi mbio kwa Lydiah kumweleza. Alikuwa anapiga pasi. "Na yule anayejibu, anajibuje?" akauliza. Hilo sikuliangalia. Lazima nirudi Jumamosi.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimerudi, na kigoda, na mwavuli. Hii hapa, neno kwa neno, kutoka kwa Mama Owen akimjibu Shamso: "Leo ni ya watu wa ukutani. Sisi wa geti tulichota Jumatano."

Watu wa ukutani! Watu wa geti! Watu wa choo! Ploti yetu ina pande tatu, na kila mtu, hata mgeni wa wiki mbili, anajua yuko upande gani, kwa sababu ndiko anakoanika nguo. Mgawanyo nilioutafuta mwezi mzima kwa namba, majina na rangi ulikuwa midomoni mwao. Nilikuwa na haraka ya kuandika, sikusikiliza.

Nimehesabu milango. Vyumba vinane kila upande. Nilicheka peke yangu mvuani mpaka paka akakimbia.

Jumapili, 30 Novemba

Baada ya kanisa nimekaa kwa Lydiah mpaka magharibi. Gazeti limetandikwa mezani, ndilo ua wetu. Vifuniko vya soda ndio mitungi. Tunavisukuma, tunagombana kwa niaba ya majirani. Yeye alikuwa Opicho, na alimweza sana.

Tumekubaliana: alama ikae kwenye mtungi, si kwenye mlango wala ubao. Na kwenye bomba, chini usawa wa goti, kuwe na kitu kimoja tu kinachojibu swali moja tu. Nikasema basi nichore: geti kwa watu wa geti, ukuta kwa watu wa ukuta, na choo kwa watu wa choo. Choo kizuri, chenye mlango.

Lydiah akaniangalia. "Nenda kawaulize," akasema.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimewauliza. Mama Owen wa upande wa choo (simwiti wa pili tena) amesema siku nitakayochora choo kwenye mtungi wake wa maji ya kunywa, hiyo ndiyo siku nitakayorudi kwetu bila masikio. Opicho, naye wa upande huo, ameniuliza kwa nini namwandama.

Nashukuru niliuliza kwa penseli.

Jumanne, 2 Desemba

Mistari. Ukiingia getini unahesabu: upande wa kwanza mstari mmoja, wa ukuta miwili, wa choo mitatu. Hakuna timu, chama wala harufu. Lydiah amekata vipande vya kitambaa kutoka mabaki yake, tumefunga kwenye mishikio ya mitungi, kwanza vya kujaribia. Rangi baadaye.

Niliogopa Opicho atasema kuwekwa wa tatu ni dharau. Alivitazama vile vitambaa vitatu, akaviweka begani akanyoosha kifua.

"Hii ni sajini," akasema. "Wale wa geti hata ukoplo hawajafika."

Sasa upande wa choo wote wanapigiana saluti. Wa geti wamenuna kidogo, lakini wanachota Jumatatu kabla ya wote, wakafarijika.

Jumatano, 3 Desemba

Jaribio la kwanza. Kwenye bomba nimetundika kibao kidogo kama sahani, mistari miwili. Mitungi ya miwili ilikuwa thelathini na miwili. Mitungi mingine ilikuwa sita, na kila mmoja uliondolewa na mwenyewe bila kuambiwa, isipokuwa mmoja, ambao Shamso aliusogeza kando kwa mguu akasema, "Huu ni wa Jumamosi," kana kwamba ameishi hapa tangu uhuru.

Kasoro: vitambaa vinalowa vinafanana. Pia hakuna aliyejua nani abadilishe kibao. Tumesema wa mwisho kuchota ndiye anayekibadilisha.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimepaka rangi mitungi tisini na sita. Nyeupe tupu, mistari minene. Hakuna kivuli, hakuna povu. Mkono ulikuwa unawasha kuongeza hata kinyota. Nikauzuia.

Jumanne, 9 Desemba

Ayuma amekata tikiti za basi la Ijumaa, Jamhuri Dei yenyewe. Kila nikimweleza mistari anasema, "Baba Sally, twiga pia ulinieleza." Mwanamke aliyevunjwa mkono kwenye foleni haamini maneno ya foleni, na mimi simlaumu. Mzee Ndung'u amesema kesho atakuja mwenyewe kuangalia, na ndiyo siku ya mwisho. Nimeogopa kama siku ya mtihani wa darasa la nane.

Jumatano, 10 Desemba

Siku ya mistari miwili. Siku ya upande wetu.

Saa kumi na moja mitungi ilikuwa imejipanga kimya. Ayuma alikuwa amesimama mlangoni na plasta yake, amejifunga leso, anatazama. Maji yakaja. Mtungi ukajaa, ukatoka, wa pili ukasogea. Watu walikuwa wanazungumza habari ya bei ya sukuma wiki. Mimi nilikuwa kwenye kigoda, nahesabu mitungi.

Saa kumi na mbili na nusu Mzee Ndung'u akatoka. Kufuli mkono mmoja, mtungi mkono mwingine. Mtungi mpya, wa manjano, hauna hata mstari. Akapita foleni yote akauweka chini ya bomba, mbele ya mtungi wa Lydiah.

Kwa miaka yote huyu mzee huchota anapotaka, na ndiyo ilikuwa mbegu ya vita vyote, ingawa hakuna aliyewahi kuthubutu kuisema.

Lydiah akauinua ule mtungi, akautazama mbele, akautazama nyuma. "Mzee, huu hauna mistari," akasema kwa sauti ya kawaida. "Leo ni miwili."

Mzee akageuka kwangu. "Mulongo! Nipake. Mimi nipake minne."

Zamani ningekimbilia brashi. Ningempakia minne ya dhahabu, na simba pembeni. Mguu wangu wa kulia ulikwisha kuinuka, nasema ukweli. Nikaurudisha. Nikajiuliza huo mtungi utasomwa na nani, na utamwambia nini.

"Mzee," nikasema, "mtungi wa minne ukifika hapa, kibao hakina siku yake. Itabidi wewe usimame kila asubuhi ueleze. Na ukishaeleza, Opicho atataka mitano."

"Sita," akasema Opicho kutoka dirishani kwake.

"Unalala upande gani, Mzee?"

Akaitazama kufuli. Akatazama ile mitungi iliyopangwa, na hakuna mkono uliokuwa shingoni mwa mwingine. Nikamtazama Ayuma mlangoni, nikafikiri, hapa nimempoteza.

"Wa geti," Mzee akasema.

"Basi ni mmoja. Jumatatu. Na ni siku ya kwanza ya wiki."

Mzee akausukuma mtungi kwangu. "Haya. Nipake mmoja. Lakini uwe mnene!"

Nikampaka mmoja, mnene kama mkanda wa polisi. Akauchukua mtungi wake mtupu, akaitia kufuli mfukoni mwa koti, akarudi chumbani kwake. Mama Owen akapiga kigelegele, akazibwa mdomo na Shamso ili mzee asibadilishe nia.

Ayuma alikuja akasimama nyuma ya kigoda changu. Hakusema niliyotaka kusikia. Alisema, "Hizo tikiti, wanarudisha hela au hawarudishi?"

Niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, kwa sababu machozi ya mwanamume kwenye mfereji yangesimuliwa mpaka Pasaka.

Jumatano, 17 Desemba

Mkono wa Ayuma umetolewa plasta lakini bado hauna nguvu, kwa hivyo leo nimechota mimi. Nilikuwa wa saba, mwanamume peke yangu. Mama Owen alikuja kuuza mandazi kwa foleni akaniambia, "Karibu, msanii, leo utajua."

Nilisimama saa nzima nikingoja mtu aitaje kazi yangu. Hakuna. Waliongea habari ya Krismasi, ya uchaguzi, ya mke wa Opicho ambaye ameandika barua. Mgeni mmoja alipita akamuuliza Lydiah nani alichora ile mistari. Akamjibu kwamba sisi wote, akaendelea kusogeza mtungi wake. Nilitaka kusema kitu. Halafu mtungi ulio mbele yangu ukaondoka, wangu ukasogea, na nikaona kwamba sikuwa nimekitazama kibao hata mara moja.

Nimebeba minne, miwili miwili. Mgongo unauma. Nilipoingia, sufuria ya chai ilikuwa tayari juu ya jiko, haina maji, na Sally amekaa na kikombe chake mkononi.

"Umechelewa," Ayuma akasema. "Tulikuwa tunakungoja."